Nani Kampa Mtani Ruhusa ya Kucheka Msibani?

Maiti imeshakafiniwa, jeneza la msikiti limeshainuliwa mabegani, na mzee mmoja amejilaza kizingitini. Amevaa koti la marehemu. Anakohoa kikohozi cha marehemu, anajifanya kuhesabu noti huku akilamba kidole, kama marehemu alivyokuwa akihesabu hela za duka, na anatangaza kwamba huyu mtu hatoki humu ndani bure. Wafiwa wanaingiza mikono mifukoni. Wapo wanaocheka na machozi hayajakauka. Akishapewa chochote, mzee anainuka, anajikung'uta vumbi, na yeye mwenyewe anatia bega chini ya jeneza.

Huyo ni mtani, na msibani ndiko kwenye kazi yake. Kwa Wazaramo, Wanyamwezi, Wasukuma, Wangoni, Wahehe na makabila mengine mengi ya Tanzania, mtani ndiye aliyekuwa akishika jembe la kaburi, akifanya kazi ambazo ndugu mikono iliwatetemeka kuzifanya, akijilaza kaburini eti analipima kama linatosha, akijipakulia chakula cha msiba bila kukaribishwa. Siku hizi, hasa Dar es Salaam, nafasi yake inabanwa. Kuna mshereheshaji mwenye kipaza sauti, kuna ratiba iliyochapwa, kuna mpiga picha za video. Na wapo vijana wengi wanaouliza kwa uchungu: kucheka mbele ya maiti ni ustaarabu gani?

Mimi naamini mtani wa msibani ni hazina, na tukimfukuza tutapoteza zaidi ya kicheko. Lakini wanaompinga wana hoja, nao wasikilizwe. Kwa hiyo nimewaketisha watu watano kwenye kibaraza cha nyumba moja ya Buguruni, jioni ya kuanua tanga. Watu hawa nimewabuni. Maneno yao yanasikika kila msiba. Nyumba ni ya Wazaramo. Mtani ni Mnyamwezi. Kijana ni mtoto wa marehemu, Shangazi ni dada wa marehemu, Ustadhi ni imamu wa msikiti wa mtaani, na Muuguzi ni jirani wa ukuta kwa ukuta.

KIJANA: Shikamoo, mzee.

MTANI: Marahaba, mtumwa wangu.

KIJANA: Siku ile nilinyamaza kwa heshima ya watu. Leo tanga limeanuliwa, acha niseme. Nilisafiri na basi kutoka Mwanza usiku kucha, nafika baba yuko ndani ya sanda, na wewe umevaa koti lake unakohoa. Kikohozi kile kile kilichomuua. Na watu wanacheka! Niliona mmemfanya baba yangu kichekesho.

MTANI: Nani alicheka?

KIJANA: Watu.

MTANI: Mama yako je?

KIJANA: Mama alicheka. Hilo ndilo lililoniuma kuliko yote.

SHANGAZI: Mwanangu, wewe ulikuwa nje kwenye turubai na wanaume, huku chumbani hukuona. Mama yako alikuwa hajatia kitu kinywani. Tulimbembeleza kwa uji, kwa chai, akafunga meno. Halii, hasemi, anatazama ukuta. Huyu Mnyamwezi alipojitupa mlangoni akaanza kudai karanga alizokopesha, mama yako alicheka, kicheko kikageuka kilio, kilio cha kweli, tukamshika. Alipotulia akaomba maji. Wanawake wote waliokuwa mle ndani ni mashahidi.

KIJANA: Basi mngemwacha alie. Kicheko cha nini?

SHANGAZI: Kilio kilikuwa kimekwama, mwanangu. Sisi ndugu tulishindwa kukitoa, kwa sababu kila tukimwangalia usoni na sisi tunalia.

MTANI: Mimi sikuanza jana. Mababu zetu walishuka na pembe za ndovu kutoka Unyamwezi mpaka Bagamoyo, safari ya miezi, mizigo mabegani.

SHANGAZI: Mpaka leo mabega yenu yamepinda!

MTANI: Na nyinyi mlikuwa mkitusubiri na ngoma, maana Mzaramo akiona vumbi barabarani anadhani harusi inakuja. Lakini sikiliza, kijana. Njiani watu walikufa. Homa, ndui, njaa, uchovu. Mtu anaangukia hapa Uzaramo, hana mjomba wala kaka. Nani amzike? Mzaramo. Na Mzaramo akifia kwetu, azikwe na Mnyamwezi. Anayekuzika ukiwa mgeni ana haki ya kukutania ukiwa mwenyeji. Baba yako nilimtania akiwa hai, kila siku ya Mungu, naye akinitania. Amekufa, unataka nijifanye simjui?

Mwandishi niongeze neno hapa. Utani wa makabila haukuzaliwa katika biashara peke yake. Mwingine ulizaliwa katika damu. Wangoni na Wahehe walipigana vita vikali mwishoni mwa miaka ya 1870 na mwanzoni mwa miaka ya 1880, na wajukuu wa wapiganaji hao leo ni watani wanaoingia katika misiba ya wenzao bila kubisha hodi. Watu waliouana walipata njia ya kukaa pamoja, na njia hiyo walipoiwekea kanuni, walikigusa kifo waziwazi. Matusi ya mtani hayajibiwi kwa ngumi. Alichokichukua hakiitwi wizi, kinakombolewa. Na zamu itakapogeuka, naye atafanyiwa yale yale kwao. Ruhusa ya mtani imefungwa katika wajibu.

USTADHI: Assalaam alaykum. Historia hiyo siipingi, lakini dini nayo ina neno lake. Kulia kumeruhusiwa. Mtume mwenyewe, sala na salamu zimshukie, alitokwa machozi alipofiwa na mwanawe Ibrahim. Kilichokatazwa ni mayowe, kujirarua nguo, kulalamikia kudura. Na mazishi yanatakiwa yaharakishwe. Sasa mtu analala mlangoni, jeneza linasubiri, anataka shilingi. Siwezi kulibariki jambo hilo.

MTANI: Ustadhi, nilichelewesha dakika ngapi?

USTADHI: Chache. Lakini wapo wanaochelewesha sana.

MTANI: Hao hawajui kazi. Mtani anayejua kazi anaamka mwili ukianza kuwa mzito mabegani kwa watu.

SHANGAZI: Na pilau, Ustadhi? Mbona hukuisema? Jeneza lilicheleweshwa zaidi na hesabu za ng'ombe kuliko na huyu mzee.

USTADHI: Pilau naisema kila Ijumaa, mama, ila msemaji nikiwa mmoja na walaji mia nafanyaje? Jaafar, binamu wa Mtume, alipouawa vitani, Mtume aliagiza watu wapike wawapelekee jamaa zake, maana wamefikwa na la kuwashughulisha. Jirani alishe mfiwa. Leo mfiwa ndiye anayekodi turubai, anayekodi viti, anayenunua mchele, anayeshona sare. Akimaliza kuzika anaanza kulipa.

Hoja ya Ustadhi kuhusu kuharakisha maziko nakubaliana nayo, na watani wazuri nao wanakubaliana nayo. Hata hivyo angalieni jinsi hasira yetu inavyogawanywa. Mzee anayedai noti moja mlangoni anaonekana mshenzi. Msiba unaomwachia mjane deni la turubai na chakula unaonekana wa heshima. Ukifungua daftari la rambirambi la msiba wowote mjini, upande mmoja kuna majina na kiasi alichotoa kila mtu, upande mwingine matumizi, na mara nyingi upande wa pili ndio mrefu. Mtani hajawahi kumfilisi mtu.

Ila mjadala wa mlangoni ni mdogo. Mkubwa aliuanzisha Muuguzi, ambaye alikuwa amekaa kimya muda wote huo.

MUUGUZI: Nyie mnabishana juu ya kucheka wakati mtu ameshakufa. Mimi nakaa wodini na watu wanaokufa. Mgonjwa anajua. Daktari amwambie asimwambie, anajua. Ndugu wanakuja saa ya kuona wagonjwa na uji kwenye chupa, wananivuta pembeni: "Nesi, usimwambie." Halafu mgonjwa naye ananivuta: "Nesi, usiwaambie kwamba najua." Kila upande unamficha mwenzake, na saa ya kuona wagonjwa inaisha.

SHANGAZI: Mficha maradhi, kifo humuumbua.

MUUGUZI: Hata hafichi, shangazi. Anajaribu kusema, anazibwa mdomo. Mgonjwa anamwambia mwanawe, "Kuna mtu wa Mbagala ananidai." Mtoto anaruka: "Baba, usiseme hivyo, utapona, tutaongea nyumbani." Kwa mapenzi kabisa! Mzee ananyamaza. Usiku ananiita mimi ananiambia hilo deni. Mimi nani katika ukoo wao? Nikiwaambia ndugu, wataniuliza nimelipata wapi. Na wenyewe nyumbani hawakuongea, kwa sababu nyumbani hakurudi.

KIJANA: Hayo yametufika. Pale makaburini tulitangaza kwamba anayemdai marehemu aje tuzungumze. Wamekuja watatu. Wa mabati ndiye aliyekuja na maneno matupu, lakini shangazi akasema deni lake analijua, ana karatasi yake. Mpaka leo sijaelewa shangazi alijuaje.

SHANGAZI: Alinipa huyu, siku ile ile ya mazishi.

KIJANA: Mtani?

MTANI: Lilikuwa kwenye koti.

KIJANA: Koti gani?

MTANI: Hilo lililokuudhi. Mwaka jana tunacheza bao hapa hapa, baba yako anakohoa mpaka kete zinaruka. Nikamwambia, "Wewe mzee, jifie haraka, koti lako limenikaa rohoni." Akasema, "Chukua ukitaka, ila mfuko wa ndani mna deni la mabati, utalirithi na lenyewe." Tukacheka sana. Halafu akaacha kucheka, akanieleza. Kiasi gani, kwa nani, kimebaki kiasi gani. Akasema watoto hataki kuwapa mawazo. Basi nilipoambiwa amefariki, nililivaa koti makusudi. Nilitaka niwe wa kwanza kutia mkono mfukoni.

KIJANA: Kwa nini hakuniambia mimi?

MTANI: Wewe ungemwambia utapona.

Kijana hakujibu, nami sikutaka kumwandikia jibu. Baba yake hakuwa mwoga. Alikuwa na neno zito, akatafuta mtu ambaye angelipokea bila kulia na bila kumkemea, akampata yule aliyekuwa akimwombea kifo kwa dhihaka kila jioni. Mke angelia. Mtoto angekataa. Mtani alitupa utani kwanza, na nyuma ya utani pakapita ukweli. Ndiyo maana sikubali utani wa mauti uitwe utovu wa adabu. Mahali panapotaniwa kifo ndipo mtu anapoweza kukitaja chake mwenyewe, na asiyeweza kukitaja anaondoka na madeni yake, na kaburi lake, na mambo ambayo wenzake watakuja kuyagombania.

Na watu wanagombania kweli. Silvano Melea Otieno alikuwa wakili mashuhuri jijini Nairobi. Alifariki tarehe 20 Desemba 1986. Mkewe, Wambui Otieno, alitaka azikwe katika shamba lao Upper Matasia, karibu na Ngong, akasema ndivyo mumewe alivyotaka. Ukoo wa marehemu, Umira Kager, ukasema Mjaluo anazikwa kwao, Nyalgunga, Siaya. Kesi ikaingia mahakamani, na mwili ukakaa mochwari. Mashahidi waliitwa kueleza marehemu aliwahi kusema nini kuhusu kuzikwa kwake, wakiwa wapi, mbele ya nani. Hata mchimba kaburi alitoa ushahidi. Mahakama ya Rufani iliamua azikwe Nyalgunga, na alizikwa tarehe 23 Mei 1987, miezi mitano baada ya kufa. Mkewe hakwenda kwenye mazishi. Mtu aliyeishi kwa kuandikia wengine hati hakuacha andiko la kusema yeye azikwe wapi. Sidai kwamba karatasi ingemaliza mgogoro wote, maana mila nayo ilikuwa na nguvu yake mahakamani. Lakini mjane asingesimama kizimbani kuthibitisha mazungumzo ya chumbani.

Kinyume cha mfano huo ni Profesa Wangari Maathai, aliyefariki Septemba 2011. Aliyeshinda Tuzo ya Amani ya Nobel kwa kupanda miti aliwaambia watu wake mapema kwamba hataki mti ukatwe kwa ajili ya jeneza lake. Walimtii. Jeneza lilitengenezwa kwa mianzi, mafunjo na magugu maji, na mwili ukachomwa Kariokor, Nairobi. Wengi walishtuka, kwa sababu kuchoma maiti si jambo la kawaida kwa Wakikuyu. Ila hakuna aliyeweza kusema hakujua mama yule alitaka nini.

USTADHI: Hapo tuko pamoja. Muislamu mwenye kitu cha kuusia hatakiwi alale usiku mbili bila wasia wake kuandikwa. Na kabla warithi hawajagawana, atolewe gharama za maziko, alipiwe madeni, kisha wasia usiozidi theluthi. Deni linatangulia! Lakini naweza kuyasema haya bila kicheko. Mwana Kupona binti Msham wa kisiwa cha Pate alikuwa mgonjwa kitandani mwaka 1858 alipomtungia binti yake utendi wa wasia. Alijua anakwenda. Alisema waziwazi, kwa upole, bila mzaha.

SHANGAZI: Mwana Kupona alikuwa mshairi, Ustadhi. Ndugu yangu alikuwa muuza duka. Angeanzaje?

USTADHI: Hilo nakupa.

KIJANA: Sawa, lakini kuna misiba mingine. Mtoto mchanga. Kijana aliyekufa kwa bodaboda asubuhi ya harusi yake. Na huko mtamkohoa?

MTANI: Kwa mtoto mchanga sivai kitu cha mtu. Nachimba kaburi, nabeba maji, nakaa kimya. Kwa kifo cha ghafla nasubiri nione macho ya mama. Mtani asiyesoma macho ni mlevi tu aliyevamia msiba. Na siku ile, ungeniambia "mzee inatosha," ningeinuka.

KIJANA: Hakuna aliyenifundisha kwamba naweza kusema.

SHANGAZI: Hapo kosa ni letu wazee.

MUUGUZI: Hata wodini ni hivyo hivyo. Mgonjwa mwenyewe akianza mzaha, mfuate. Mama mmoja aliwaambia binti zake, "Nikifa msinivishe yale madira yenu ya kung'aa, malaika watanikosea." Binti wakataka kumnyamazisha. Nikawaambia, mwacheni, muulizeni anataka nini. Wakacheka naye mpaka jioni, na alisema yote: shamba, pete, mdogo wao asimamiwe na nani. Ila kama mgonjwa hajaanza, usimchekee usoni. Kaa. Mshike mkono. Muulize tu, "Kuna jambo unataka tulijue?"

SHANGAZI: Na huyo mwenye kipaza sauti asituambie naye ni mtani. Alimwita ndugu yangu jina si lake mara mbili, halafu akatuchekesha kwa vichekesho vya harusini.

MTANI: Yule hakuwa na deni na marehemu. Mimi nilikuwa nalo. La karanga.

Shangazi ameligusa jambo ninalotaka lieleweke vizuri. Sitetei kila kicheko cha msibani. Kicheko cha kukodi kinawachekesha wageni. Cha mtani kinamhusu marehemu huyu mmoja, koti lake, kikohozi chake, namna alivyohesabu hela, na hakiwezi kuhamishiwa msiba mwingine. Ndani yake mna mapenzi ya miaka. Ndiyo maana mjane alikitambua, akamwona mumewe kwa dakika moja akiwa amelala mlangoni anakohoa, akaomba maji.

Mijini watoto wetu wameoana makabila yote na wengi hawamjui mtani wao. Hiyo si sababu ya kuiacha kazi yake. Babu na mjukuu wanataniana. Shemeji na shemeji wanataniana. Marafiki wa bao na wa kahawa wanataniana. Watu hao wapewe ruhusa ya kulitaja lisilotajwa, na wakilisikia walichukulie kama amana.

Wakishalisikia liwekwe mahali. Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, RITA, unasaidia watu kuandika wosia na unautunza. Sheria ya mila iliyoandikwa mwaka 1963 inakubali hata wosia wa mdomo, mradi mashahidi wasipungue wanne, wawili wa ukoo na wawili wa nje ya ukoo. Hao wawili wa nje, mmoja wao kwa nini asiwe mtani? Hana urithi anaoutarajia zaidi ya koti.

Ombi langu kwako msomaji ni hili. Wiki hii, mkiwa mmekaa vizuri na mmeshakunywa chai, muulize mzazi wako anataka azikwe wapi, anadaiwa na nani, na yeye anamdai nani. Akikufanyia mzaha, mjibu kwa mzaha, usimwambie atapona. Kisha chukua karatasi, andika alichosema na tarehe, mashahidi watie sahihi, na umwambie ndugu yako karatasi hiyo iko wapi.